Fundi Baridi na Mkutano wa Joto

Tamko la mwisho la mkutano lilieleza, kwa herufi nzito, kwamba watafiti saba wa nchi saba wamethibitisha kuwa binadamu wakishirikiana wanaweza kulidhibiti joto. Walioandika hayo walikaa siku nne katika ukumbi uliokuwa chini ya uangalizi wa Fundi Baridi.

Jina hilo alipewa na wenzake kwa kazi yake ya viyoyozi, si kwa tabia, maana ana hasira za karibu. Mkataba wake ulikuwa unaishia wiki hiyo, na meneja wa jengo alikwisha kumwambia wazi: "Fundi, nikiletewa malalamiko ya ukumbini, usinitafute. Nitakutafuta mimi."

Malalamiko yalianza kabla ya chai. Bingwa wa majangwa alishusha kiyoyozi hadi nyuzi kumi na sita. Bingwa wa barafu, aliyejitanda shali mpaka masikioni, akapandisha hadi ishirini na nane. Rimoti ilikuwa moja, na waliinyang'anyana kwa adabu ya kimataifa. Kufikia jioni kompresa, ndiyo hasa inayopoza hewa, ikasalimu amri. Feni ilibaki ikipuliza, lakini kupuliza si kupoza. Kompresa nyingine, Fundi aliambiwa, ingefika "wakati wowote", yaani asikae kuingoja.

Nyumbani hakugusa chakula.

"Kazi imeota mabawa, mama watoto. Watu wamesoma mpaka vitabu vikaomba poo, na rimoti moja inawatoa roho!"

Mkewe hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akiuchambua. "Kwani hapa ilikuwaje? Si nilimpa kitindamimba wako rimoti ya ile tivii iliyokufa? Tangu hapo umesikia kelele?"

Kitindamimba alikuwa sebuleni, akibonyeza kwa mamlaka.

"Na kipindi kikibadilika," mkewe akaongeza, "anasema ni yeye."

Asubuhi Fundi alipekua stoo, akaibuka na rimoti kuukuu saba. Akazitia betri mpya na kumkabidhi kila mgeni yake kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, hii ni ya upande wako. Taratibu tu, mashine ina wivu."

Wakabonyeza. Bingwa wa barafu akavua shali. Bingwa wa majangwa akafunga vifungo vya koti.

"Ah! Hapo sasa!" wakasema wote wawili, kwa mara ya kwanza pamoja.

Siku ya kufunga walimpigia Fundi makofi wakiwa wamesimama, na meneja, aliyependa kuonekana jirani na makofi, akautia saini mkataba mpya palepale.

Katika siku zile tatu, joto la ukumbini lilikuwa sawasawa na la barabarani.