Chumba Kimoja na Makame

Ndugu zangu mnaokohoa, na nyinyi mnaokaa na wanaokohoa, nimeombwa nikuelezeni nilivyoumwa na nilivyopona. Nitakwenda polepole. Palipo na aibu sitaparuka, maana hapo ndipo penye faida yenu.

Mimi ni mtoto wa Malindi, hapa mjini Unguja. Kabla ya kuumwa nilikuwa mtu wa nguvu, baharia katika meli ya jeshi. Haikuwa meli ya mizinga mikubwa. Ilikuwa meli ya kushushia askari ufukweni, mahali pasipo na gati. Tumbo lake bapa, na mbele ina mlango mkubwa wa chuma unaoshuka kama daraja. Meli inapanda mchangani, mlango unashuka, askari na malori wanatoka. Kuushusha na kuupandisha mlango ule kwa winchi ilikuwa kazi yangu na ya mwenzangu Makame, kijana wa Tumbatu. Yeye akiniita Bawabu. Kila tukigusa mchanga alikuwa akisema, "Bawabu, wafungulie wageni," hata pale ambapo sote wawili tulikuwa tukitetemeka.

Miaka ile ya themanini kulikuwa na vita kwa majirani zetu wa kusini, na askari wetu walikwenda kusaidia. Sisi ndio tuliowapeleka. Wakati wa kwenda tulibeba vijana, unga na mafuta, na vijana waliimba njia nzima. Wakati wa kurudi tulibeba majeruhi na wagonjwa. Baadhi ya niliowafungulia mlango wakatoka kwa miguu yao, niliwafungulia tena wakiwa juu ya machela. Wengine sikuwaona tena.

Sasa sikilizeni jinsi ugonjwa ulivyoingia. Kwa ajili ya vita tuliamriwa tusionyeshe mwanga wowote. Vidirisha vilipakwa rangi nyeusi na matundu ya hewa yakazibwa kwa turubai. Chumba chetu mimi na Makame kilikuwa nyuma ya winchi, kidogo, vitanda viwili kimoja juu ya chengine. Safari moja ya kurudi, majeruhi walijaa hadi pakawa hapana pa kukanyaga, tukaletewa sajini mmoja mgonjwa tukae naye. Makame alimpa kitanda chake, yeye akalala sakafuni. Sajini alikuwa akikohoa ndani ya kitambaa, na kitambaa kina damu. Siku nne tulivuta pumzi zake. Kila akikohoa alituomba radhi kwa kelele. Hatukujua kwamba kelele hazidhuru. Kinachodhuru ni ile hewa iliyofungiwa.

Miezi ikapita, nami nikaanza kukohoa. Nilisema ni baridi ya bahari. Halafu yakaja majasho ya usiku. Mke wangu Zuwena alikuwa akiikamua fulana yangu kama iliyotoka kwenye beseni. Suruali nikaifunga kwa kamba. Siku moja, nikiwa nyumbani likizoni, nilikohoa penye karo ikatoka damu nyekundu yenye povu. Zuwena hakupiga kelele. Alifungua bomba akaiosha, akaniambia kesho nnakwenda hospitali, nikitaka nisitake.

Hospitali ya kambini sikwenda, niliogopa kutolewa melini. Nilikwenda kliniki ya kifua mjini, nikatoa makohozi siku tatu. Siku ya majibu Makame alinisindikiza. Yeye naye alishaanza kukohoa. Tulipofika mlangoni alinishika mkono.

"Wakikuuliza, usinitaje," alisema. "Posa yangu nshajibiwa. Wakwe wakisikia kifua kikuu, Mwanaidi simpati tena. Nikishaoa ntakuja mwenyewe." Nikamwahidi.

Ndani nilimkuta muuguzi, Bi Fatma, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia bila kuzunguka kwamba nina kifua kikuu, kwamba kinapona, na kwamba dawa ni miezi minane bila kukosa siku. Halafu akafungua daftari. Alinieleza kwamba anauliza ili wenzangu wapimwe mapema, si ili waaibishwe.

"Melini ulikuwa ukilala chumba kimoja na nani?"

"Peke yangu."

Alinitazama juu ya miwani. "Meli ya jeshi, tena vitani, na wewe una chumba chako. Kumbe nimeletewa nahodha."

Alingoja, kalamu iko juu ya karatasi. Akauacha mstari mtupu.

Meli ikaondoka bila mimi, na miezi miwili ya mwanzo nilichomwa sindano kila siku. Makalio yaliota vinundu, nikawa nakaa upande upande. Masikio yalilia kama winchi inayozunguka bila mzigo. Mkojo ulikuwa mwekundu, Zuwena akadhani ni damu, hadi Bi Fatma alipomweleza kuwa ni rangi ya vidonge. Zuwena mwenyewe alipimwa, akawa salama. Mwezi wa tatu majasho yalikata. Nikaanza kuomba wali mara ya pili.

Mwezi huo huo Makame alioa. Katikati ya nikaha alikohoa ndani ya leso mpya. Tukatazamana, akacheka. Baada ya harusi nilimkumbusha ahadi yake. Akasema akirudi safari hii. Aliporudi akasema safari nyengine. Alikuwa akinywa asali na habasoda, na mimi nilikuwa nikimwona suruali yake inavyomlegea, nikanyamaza. Ahadi niliyompa niliiona ni uungwana.

Mwezi wa saba wa dawa zangu nilikwenda Tumbatu kumzika. Nililibeba jeneza lake kutoka msikitini hadi makaburini, sikuhema hata mara moja. Nguvu zile nilizipata kwa sindano alizozikosa yeye.

Nilirudi kwa Bi Fatma nikamwambia lile jina. Nilidhani atanigombeza. Alitafuta ukurasa wangu, akaandika Makame kwenye ule mstari, kisha akaniuliza, "Na yeye alikuwa akilala chumba kimoja na nani?"

Kwa hiyo nilivuka tena kwenda Tumbatu. Mwanaidi alikuwa ndani ya eda. Nilikaa barazani, yeye nyuma ya pazia na mama yake, nikamweleza yote: chumba, sajini, posa, daftari. Nilisikia akikohoa.

"Shemeji," alisema, "ungemtaja angekununia. Na Makame alikuwa hajui kununa zaidi ya siku mbili."

Wala posa, aliniambia mama yake wakati nikiondoka, isingevunjika. Marehemu mumewe, baba yake Mwanaidi, naye alipata kuumwa kifua kikuu akapona. Nilitamani asingeniambia.

Mwanaidi aliruhusiwa kutoka kwa ajili ya matibabu. Alikutwa na ugonjwa, akatumia dawa miezi minane, akapona. Yuko hai hadi leo na amejaaliwa watoto kwa mume mwengine. Mimi melini sikurudi. Nilipewa kazi ya ghala. Nnamshukuru Mungu, nnamshukuru Zuwena, na nnamshukuru Bi Fatma ambaye sasa amestaafu.

Ndugu zangu, fungueni madirisha, hata baridi ikiingia. Mezeni dawa hadi siku ya mwisho, hata mkijiona mmepona. Ikifika Ramadhani, msiache dawa kabla ya kumuuliza daktari. Mgonjwa ana ruhusa yake. Na muuguzi akifungua daftari akakuulizeni mnalala chumba kimoja na nani, mtajeni. Mwenzenu akikuombeni msimtaje, mtajeni. Atanuna, mwacheni anune. Mimi hadi leo natamani Makame aninunie.