Tangi Nililoliacha Chafu

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Nakueleza leo kwa sababu asubuhi nimekuona ukimimina petroli ya bidoni, lile dumu, ndani ya tangi bila hata kitambaa cha kuchujia.

Wakati wa waasi nilikuwa dereva hapa Goma, nikipakia viazi kutoka Kibati. Askari, basoda tunavyowaita, walikuwa wakichukua gari lolote linalowaka. Mimi nikajiona mjanja. Niliacha maji na kutu vijae chini ya tangi, filta nikaiacha izibe, mpaka gari likawa linakwenda mwendo mfupi kisha linazima. Walikuja wakalichukua, likawazimia kwenye mwinuko. Wakalitukana, wakaliacha hapo hapo, nami nikaenda kulichukua. Nilicheka juma zima.

Kikosi hicho kilipohamishwa, alinipitia Muzee Ramazani, fundi aliyenifunza kazi. Hakukaa. Alipiga tangi kwa kiganja, akasema, "Basoda balisha enda. Toa hii tangi, osha yote, weka filta mupya."

"Ndiyo, muzee. Kesho."

Kesho hiyo niliisema kila siku. Gari likizima naipuliza filta kwa mdomo, nalipumzisha kidogo, linawaka tena, napeleka viazi sokoni. Nilishazoea, na kosa langu ni hilo.

Ndipo mlima wa volkano ukapasuka. Moto ulishuka mjini mchana, watu wakajaa barabarani na magodoro kichwani. Mama yangu alitembea kwa fimbo, mguu mmoja ukiwa hauna nguvu. Nilimweka kiti cha mbele, tukaelekea Lac Vert, nje ya mji. Hatukumaliza hata mtaa wetu. Gari likakohoa, likazima. Nikafungua mpira wa petroli, nikanyonya, nikatema kutu. Nyuma yetu nyumba zilikuwa zinawaka. Niliogopa, mwanangu, na aibu ilizidi woga.

Mama akasema, "Acha motokari. Unibebe ku mugongo."

Nilimbeba mpaka Lac Vert, nikaanguka mara mbili njiani. Mara ya pili goti la mguu wake wenye nguvu lilipiga jiwe, na tangu hapo hakusimama tena. Gari liko chini ya mawe meusi hadi leo, na mtu amejenga juu yake.

Mama hakunigombeza. Miezi mingi baadaye, nikimsogezea maji ya kunawa, alisema tu, "Ulidanganya basoda na ile motokari. Na mie ulinidanganya nayo."

Basi, chuja petroli kabla haijaingia. Usiendeshe tangi likiwa karibu tupu, litanyonya takataka za chini. Lifungue mara kwa mara, toa maji, safisha mipira na kabureta. Filta iliyochakaa itupe, usiipulize kwa mdomo ukairudisha kama nilivyofanya mimi. Gari likianza kukohoa, lishughulikie siku hiyo hiyo. Na ikitokea umeharibu kitu kwa makusudi ili uokoke, kitengeneze mara tu hatari ikipita, usiseme kesho.

Mungu akulinde barabarani, mwanangu. Akujalie kila unayempakia umshushe akitembea kwa miguu yake.