Gunia la Nne

Aibu hii sikutaka mtu aisikie, lakini kwa vile Karatina nzima inaijua, wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa ati nilitaka kuua watoto wa watu.

Mimi niko na ugonjwa mmoja: nikiona takataka ya shamba nauliza, hii nayo inaweza kuwaka? Magunzi, maganda ya kahawa, maganda ya mpunga, yote nimesaga, nikachanganya na uji wa muhogo (wa kushikanisha, si wa kunywa, ingawa bwanangu alishakunywa), nikafinya kwa mashine ya mkono, nikaanika, nikapata makaa. Saluni niliacha kwa ajili hiyo, na mama mkwe akawa ananiita fundi wa matope. Kwa hivyo sekondari ya hapa karibu iliposema nilete magunia manne wapikie githeri, yaani mahindi na maharagwe ya wanafunzi, na wakiridhika waache kuni wanunue kwangu, nikajua nimeomoka, umaskini kwaheri.

Maganda ya kahawa yakaisha kwa gunia la tatu. Sasa, nilikuwa na mabua na takataka ya pilipili kavu niliyopewa bure na mama mmoja wa soko la Kagio. Nikajiuliza lile swali langu. Nikasaga (nikipiga chafya, na hata hapo akili haikunishtua), nikafinya, nikaanika, na bila kujaribu hata moja nikapeleka.

Mama Atieno, mpishi mkuu, akaanza na gunia hilo hilo. Moto ukashika vizuri, nikaanza kutabasamu.

"Mama Wairimu, mbona koo yangu inawasha?"

Kabla sijajibu alikuwa nje na mwiko mkononi, moshi umeingia bwaloni, wanafunzi wanamiminika uwanjani wakikohoa, na mwalimu mkuu anatoka ofisini machozi tiririri akiuliza ni nani amekufa. Mimi nami, kamasi hadi kidevuni, bado nachungulia kama sufuria inachemka. Woi, ilikuwa inachemka!

"Umeweka nini hapa?"

"Pilipili, mwalimu." Ningedanganya, lakini kikohozi hakikunipa nafasi.

Githeri iliiva mapema kuliko siku zote, na hakuna aliyeweza kuikaribia kuipakua. Watoto wakala mkate, kuni zikarudi, nami nikarudi nyumbani na magunia yangu nikilia kweli, si moshi tena.

"Muhula ujao ujaribu tena," mwalimu mkuu aliniambia, "lakini uwashe kwako kwanza, ukiwa umefunga mlango."

Siku hizi nawasha kwangu kwanza, na mama mkwe ndiye anashika mlango. Juzi nilipita Kagio nikaona rundo la maganda ya vitunguu saumu. Nimeapa, sikugusa. (Lakini nyinyi mnaonaje, yanaweza kuwaka?)