Sarafu za Meksiko Kwenye Vibuyu vya Mbegu

Maneno ya kwanza ambayo Mwanne Hasani alimwambia Auleria Ntakirutimana, ukiacha salamu, yalikuwa ya kumwita mwizi.

Ilikuwa siku ya gulio Nyakahura. Auleria, mama mwenye mvi aliyejifunga kitenge juu ya gauni, alishuka kwenye bodaboda akitokea upande wa Ngara na nusu gunia la maharage. Mwanne alikuwa na kibanda chake kando ya lami. Alinunua maharage na mahindi, na pembeni alikuwa na ndoo ya vyuma chakavu, kufuli zisizo na funguo na sarafu za zamani, kwa sababu hakuna kitu kisicho na mteja ukikipa muda. Akamwamkia mama wa watu vizuri, akamimina maharage kwenye sinia la mizani. Katikati ya maharage kitu kikalia, ting'.

"Shikamoo tena, mama," alisema Mwanne, "maana ile ya kwanza nilimpa mtu mwaminifu. Siku hizi mnapimisha na vyuma?"

Wabebaji wakacheka. Auleria wala hakumsikia. Aliingiza mkono kwenye sinia, akatoa sarafu pana yenye majivu, akaipuliza, akaifuta kwa kitenge, halafu akaibusu.

"Kumbe uko huku, mzee wewe! Mwaka mzima nakutafuta!"

Mwanne akaichukua mkononi mwa mama kabla hajapewa. Upande mmoja palikuwa na mwanamume aliyejifunga kitambaa kichwani. Upande wa pili, tai anamng'ata nyoka. Mwanne alikuwa ameshapitisha mikononi rupia za Mjerumani, shilingi zenye kichwa cha mfalme, faranga za Burundi. Hii hakuijua. Aliigonga kwenye chuma cha mizani, akasikiliza. Madini ya fedha yalikuwemo ndani, ingawa si mengi.

"Nakupa elfu tano."

"Huyu hauzwi."

"Elfu saba, na maharage nakupandishia."

"Mwanangu, huyu ni wa Sista. Anarudi Agosti. Wenzake wako nyumbani, themanini."

Mwanne aliposikia themanini, alimvutia mama kigoda na kumwagizia chai.

Habari ilikuwa hivi. Auleria aliwahi kuwa mpishi wa masista kwenye zahanati ya misheni huko Ngara. Mmoja wao, Sista Amparo, alitoka Meksiko, na alikuja na kopo la sarafu za kwao zilizokusanywa na baba yake mzazi. Jumapili baada ya misa alizimwaga mezani, wakazipanga wawili, Sista akitaja majina ya watu walio kwenye sarafu na Auleria akiwapa majina yake. Sista alipougua na kurudishwa kwao, alimwachia Auleria kopo lile amtunzie. Miaka ikapita, zaidi ya kumi na mitano. Sasa zahanati ilikuwa inaadhimisha jubilei, na Sista, mzee tayari, alikuwa amepata ruhusa ya kuja mara moja ya mwisho. Auleria alitaka jambo moja tu: amrudishie sarafu zake zote, zikiwa zimepangwa, pasiwe na hata moja ya kuombea radhi.

"Una orodha?" aliuliza Mwanne.

"Nazijua."

"Sijakuuliza kama unazijua. Mzigo bila orodha ni ugomvi unaosubiri siku yake. Mimi nitakuandikia. Malipo yangu, ile utakayoona inafaa katika hizo themanini na moja."

"Nimekwambia si zangu. Nitakulipa debe la maharage ya mbegu."

"Madebe mawili."

"Moja. Na nitakupikia."

Wakapatana debe moja, la kujaza mpaka kichwani. Mwanne alikubali kwa hesabu zake mwenyewe. Sista ni mzee, wazee huchoka kubeba mizigo, na siku atakapotaka kuuza, ni vizuri mnunuzi awe ameketi palepale.

Wiki iliyofuata alipanda kilimani kwa Auleria, akidhani ataonyeshwa kopo. Auleria alimwingiza jikoni, akaonyesha juu, kwenye fito za paa. Paliningʼinia vibuyu, kila kimoja kimezibwa mdomo kwa samadi iliyokauka. Ndivyo watu wa kule wanavyoweka mbegu zao za maharage, ndani ya majivu, wadudu wasiziguse mpaka mvua za kupandia. Na ndani ya majivu hayohayo, pamoja na mbegu, Auleria alikuwa ameweka sarafu za Meksiko.

"Kopo je?"

"Kopo mtu yeyote anaiba. Nani aibe mbegu za jirani?"

Kumbe hata yule mzee wa kitambaa kichwani aliponyoka humo, wakati wa kumimina mbegu zilizobaki kwenye gunia la kuuza.

Wakaanza kazi. Mwanne alikuwa amenunua kwenye duka la dawa bunda la bahasha ndogo za vidonge, zile zenye mistari ya kuandika jina la mgonjwa, umri, na jinsi ya kumeza, maana hakuna bahasha ya bei nafuu kuliko hizo. Kila sarafu iliingia kwenye yake. Ugomvi ulianza kwenye bahasha ya kwanza.

"Tunaanza na za fedha tupu," alisema Mwanne, "halafu zenye fedha kidogo, halafu shaba. Kwa thamani."

"Huwezi kumkalisha mtoto mbele ya babu yake."

"Hizi ni sarafu, mama."

"Tazama miaka. Huyu amezaliwa hamsini na saba. Huyu arobaini na tatu. Atamtanguliaje mkubwa wake?"

Mwanne alimpigia mdogo wake Taufiki, ambaye alikuwa na rafiki sonara huko Mwanza, ili amkomeshe mama huyu kwa neno la mtaalamu. Sonara akajibu kwamba wakusanyaji hupanga kwa mwaka. Auleria alisogeza tu sufuria ya ndizi karibu na mgeni wake, akamwekea mnofu mkubwa zaidi.

Basi zikapangwa kiukoo. *Jina la mgonjwa: Mzee Kitambaa. Umri: 1957. Jina la mgonjwa: Mama Kitana*, yule mwanamke wa senti tano aliyechomeka kitana nyweleni. Zile za shaba zenye mnara wa ngazi ziliitwa Ngazi, na zilikuwa nyingi. Auleria alijua hata kijiji cha kila moja: karibu zote zilikuwa na M yenye o ndogo juu ya kichwa chake, alama ya mahali zilipofuliwa. Moja tu ilikuwa na herufi nyingine, na hiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, fedha tupu, yenye kofia inayotoa miale kama jua.

"Kofia ya Jua," alisema Auleria. "Huyu hakuzaliwa na wenzake. Ameolewa tu humu."

Mwanne aliipima uzito kiganjani. "Hii ningeipiga picha kwenye mwanga mzuri. Pale kibandani."

"Nenda nayo."

"Nikuandikie karatasi?"

"Ya nini?"

Mwanne alishuka kilima na ile sarafu sidiriani, akiwa na hasira asiyoijua sababu yake. Watu wote waliowahi kumwachia kitu walimwandikisha, na baadhi walileta shahidi. Alimtumia Taufiki picha, na jibu likarudi haraka.

"Dada, hiyo ndiyo yenyewe. Usiiandike kwenye orodha. Bibi hajui bei, sista kazeeka. Nani atauliza?"

"Yeye anazijua zote kwa majina, Taufiki."

"Mwambie imeanguka njiani."

Mwanne hakuwa malaika, na aliikalisha Kofia ya Jua kwenye kibweta chake siku kadhaa akiitafakari. Biashara aliianza na karanga kwenye sinia, hakuna aliyemfundisha huruma. Lakini kila alipotunga uongo wa jinsi ilivyoanguka, alimwona Auleria akichukua tochi na kuanza kuitafuta barabarani, kutoka kilimani mpaka Nyakahura, na asingekubali kurudi nyumbani. Uongo ule ulikuwa na gharama kubwa mno. Akairudisha.

"Umekawia," alisema Auleria. "Ndizi zimepoa."

Kibuyu cha mwisho ndicho kilicholeta msiba. Kilikuwa pembeni, chini ya bati lililotoboka, na mvua za masika zilikipasua bila mtu kujua. Maji yalikuwa yameingia, majivu yakageuka magadi. Auleria alipokivunja, mbegu zilitoka zimeoza, na Ngazi sita zikatoka za kijani. Mbili kati ya hizo zilikuwa zimeliwa mpaka ngazi zenyewe hazionekani.

Auleria alikaa chini sakafuni. Halafu aliinuka ghafla, akachukua limau na mchanga wa kusugulia sufuria. Mwanne akamdaka mkono.

"Acha! Sonara kasema ukisugua ndiyo umezimaliza kabisa!"

"Atakuja azikute hivi?"

"Sikiliza. Hizi ni shaba, bei yake ni kama ya chai na andazi. Taufiki atazitafuta huko mtandaoni, mwaka uleule, tunaziweka, basi. Sista ana macho ya uzeeni. Hakuna wa kujua."

Auleria alizigeuzageuza zile sita kiganjani.

"Na hizi nizipeleke wapi?"

"Nitupie kwenye ndoo yangu."

Kuku aliingia jikoni, akafukuzwa, akarudi.

"Andika," Auleria alisema hatimaye. "Jina la mgonjwa, Ngazi. Ugonjwa, majivu. Aliyemuuguza, Auleria."

"Hakuna mfanyabiashara anayeandika kasoro ya mzigo wake juu ya mfuko!"

"Mimi si mfanyabiashara."

"Ndiyo maana gunia lako ni nusu."

Auleria alicheka huku machozi yanamtoka, akamsukumia kalamu. Mwanne akaandika. Mwandiko wake, ambao siku zote ulikuwa wa haraka, hapo aliutuliza.

Sista Amparo alifika Agosti, mwembamba, na fimbo, Kiswahili chake bado kina lafudhi ya Kihangaza cha watu wa Ngara. Waliketi kwenye uwanja wa misheni, chini ya turubai la jubilei, watu wakiwa wameshatawanyika kwenye chakula. Auleria alimshika mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, wakaulizana habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe, za marehemu, bila haraka. Mwanne alikaa kiti cha pembeni na kibweta chenye bahasha. Alikuwa amepanga mwenyewe jinsi ya kuwasilisha: Kofia ya Jua kwanza, wale wazee wa fedha wafuate, na Ngazi wagonjwa mwisho kabisa, mgeni akiwa ameshafurahi na kuchoka.

Auleria alinyoosha mkono, akachomoa zile bahasha sita za mwisho, akazitanguliza mapajani mwa Sista.

Mwanne alifumba macho. Alikuwa hajawahi kuona mtu akianza na maharage yaliyooza.

Sista alisogeza miwani, akasoma. "Jina la mgonjwa... Ngazi. Ugonjwa... majivu." Kicheko kikamshika mpaka akakohoa, akagongwa mgongo. Kisha akatulia, akaishika ile iliyoliwa kuliko zote.

"Uliziweka na mbegu, Auleria?"

"Ndiyo, Sista. Nisamehe. Bati lilitoboka."

"Kibuyu kimoja na mbegu zako za kupanda?"

"Nilizibanisha kidogo."

Sista alikuwa ameishi kule miaka mingi, alikuwa amekula kwenye nyumba ambazo watoto walilala bila chakula na vibuyu vya mbegu vikiwa vizima darini. Hakuuliza kingine. Alizipitia bahasha zote, moja moja, akiita kila mgonjwa kwa jina, na Auleria akiitikia "yupo," mpaka zilipokwisha. Hakuna iliyokosekana. Mabega ya Auleria yakashuka kama mtu aliyetuliwa kuni.

"Nitakwenda nazo," alisema Sista taratibu. "Mtoto wa kaka yangu anazisubiri, nilimwahidi. Ila hizi sita atazitupa, hatazielewa. Hizi ni zako."

Auleria alizipokea kwa mikono miwili.

Mwanne aliona saa yake imefika, akasogeza kiti. "Sista, hii kubwa yenye kofia ni nzito kusafiri nayo. Mimi ninaweza kukupunguzia..."

"Hapana, binti."

"Hujasikia bei."

"Nimeuza mbuzi wa misheni miaka ishirini. Jicho hilo nalijua. Hapana."

Auleria aliziba mdomo kwa kitenge, mabega yakimtikisika.

Basi Mwanne aliikosa Kofia ya Jua, na baadaye sonara alimtajia bei ambayo ingeezeka kibanda chake kwa bati jipya. Hakulala vizuri usiku huo. Alipata debe lake la mbegu, la kujaza mpaka kichwani. Hakulila. Alilificha mpaka wakati wa kupanda, akaliuza kwa bei ya mbegu kwa watu wa Kaniha.

Auleria alipata usingizi. Alichopoteza kilionekana Jumapili ya kwanza, alipotoka misani na hakuna cha kupanga mezani wala wa kubishana naye. Alivumilia wiki mbili. Gulio la tatu alishuka Nyakahura bila maharage, bila kikapu, akasimama mbele ya kibanda.

"Umekuja kununua?" aliuliza Mwanne.

"Ile ndoo yako ya vyuma na pesa za zamani. Ni aibu. Watoto wako juu ya wazee, kufuli zimelaliana na shilingi."

"Ni chakavu, mama."

"Nitakupangia."

Mwanne alimtazama juu mpaka chini. "Utanitoza nini?"

"Chai, na kigoda chenye mgongo."

"Chai bila andazi."

"Na andazi."

"Nusu andazi," alisema Mwanne, huku tayari anafuta kiti kwa upindo wa khanga yake, na Auleria alikwishapindua ndoo.