Gumba Moja, Meno Manne

Sema utakavyo, lakini nilikuwa macho, sijaonja hata tone la mbege, na jua la saa nane mchana lilikuwa linaingia mlangoni. Nayatanguliza hayo kwa sababu nawajua watu wetu wa Moshi: ukiwaambia jambo la ajabu, kwanza wanauliza ulikunywa wapi.

Na mimi si mtu wa kutishwa na vivuli. Nina diploma ya ufundi mitambo niliyoisotea Ulaya, miaka minne kwenye theluji, na niliporudi sikumwomba mjomba wala mkubwa yeyote anitafutie kazi. Nilifungua karakana yangu mtaa wa Soweto, hapa hapa Moshi, kwa mikono hii miwili. Ilikuwa ile miaka ambayo viwanda vilifungwa na mitambo ikauzwa kama chuma chakavu. Wenzangu walikimbilia mitumba. Mimi nikanunua mashine kuukuu ya kuchongea vyuma: unafunga chuma juu ya meza yake, unazungusha mkono wa pembeni, meza inasogea, kisu kinachonga. Moshi nzima mashine za namna ile zilikuwa za kuhesabu.

Siku hiyo akaja Mama Aloyce kutoka Kibosho, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima. Shafti ya mashine yao ya kumenya kahawa ilikuwa imekatika, na kahawa mbivu ilishachumwa tangu alfajiri. Kahawa ikilala bila kumenywa inachacha, na jasho la mwaka mzima la familia zaidi ya ishirini linaharibika. Nikamwambia, "Mama, ndani ya saa mbili tu." Shafti mpya nikaikereza vizuri kwenye mashine yangu nyingine, ya kukereza. Kilichobaki ni kuichonga mfereji wa kushikia gia.

Hapo ndipo aibu ilipoanza. Chini ya meza ya mashine ile kuna skrubu ndefu inayopita ndani ya nati ya shaba, na nati hiyo ndiyo inayoivuta meza. Yangu ilikuwa imelika. Nazungusha mkono nusu mzunguko, meza imelala. Mara inaruka kama mbuzi. Kisu kingevunjika.

"Injinia," Mama Aloyce akasema, "hiyo meza yako inacheza ngoma."

"Nati tu, mama. Natengeneza mpya."

Nikapima meno ya skrubu, jino hadi jino: milimita sita na kidogo. Hicho kidogo nikakidharau, nikasema ni kulika kwa chuma. Nikachonga nati ya milimita sita kamili. Ikaingia mizunguko mitatu, ikakwama kabisa.

"Huko Ulaya mlifundishwa kukwama?" akauliza. Kisha akafunga kanga yake vizuri. "Naenda kumwambia dereva wa pikapu asubiri. Nikirudi nataka kusikia mashine, sio maelezo."

Nikabaki peke yangu na kipande kimoja tu cha shaba. Nikikosea tena, kwisha. Nimesimama hivyo, nati iliyokwama nimeichomoa, nimeishika mkononi, nikasikia mtu anafuta miguu mlangoni.

Alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, koti la kijani limelowa chapachapa. Mjini hapakuwa na mvua, niamini. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa juu milimani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Inakusumbua?"

Hakusubiri jibu. Akaenda moja kwa moja kwenye mashine, akashika mkono wa pembeni, akazungusha. Meza ikasogea. Polepole, laini, kama siagi. Akairudisha. Ikarudi.

Umenielewa? Nati nilikuwa nayo mimi mkononi. Chini ya meza ile hapakuwa na kitu cha kuivuta. Fundi yeyote atakwambia ukizungusha hapo skrubu itazunguka bure hadi Krismasi. Mimi mwenye diploma nilisimama nimeachama.

"Hii haijui milimita," akasema. "Ilitengenezwa kwa inchi, upana wa gumba. Lete mkono."

Akashika gumba langu la kulia akalilaza juu ya skrubu, na lake la kulia kando yake. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama chuma kilicholala nje Julai. "Hesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Gumba moja, meno manne." Kisha akasema, "Harakisha, kahawa inachacha."

Nani alimwambia habari za kahawa?

Nikageukia mashine ya kukereza kubadilisha gia. Nilipotazama tena hakuwapo. Sakafuni palikuwa na maji.

Sikukimbia. Nilichonga ile shaba, meno manne kwa inchi, kwa furaha kuliko kwa hofu. Nati ikaingia mwanzo hadi mwisho. Mama Aloyce aliporudi, mfereji ulikuwa unamalizika. Nikamsimulia yote huku nacheka, mpaka nikafika kwenye koti la kijani na gumba. Yeye hakucheka.

"Mashine hii uliitoa wapi?"

Nikamtajia kiwanda kilichofungwa.

"Huyo ni kaka yangu Leonsi," akasema. "Tulimzika mwaka juzi, mvua inanyesha, na koti hilo. Lakini gumba la kulia hakuwa nalo. Mashine hii ililichukua akiwa kijana, fundi wa kiwanda hicho, halikuonekana. Tulimrudisha kihambani, kwenye ardhi ya ukoo, akiwa na vidole tisa." Akavuta pumzi. "Fungua huko chini."

Nikafungua. Ndani ya msingi wa mashine kulikuwa na grisi iliyogandamana miaka na miaka. Nikaikwangua kwa bisibisi, hadi kikatoka kifupa kisichozidi punje ya harage. Mama Aloyce akakifunga kwenye pindo la kanga. Jioni ile kahawa ilimenywa yote. Jumamosi tukakizika kifupa kando ya kaburi, chini ya masale, mimea tunayopanda makaburini, katekista akasali, na mama wa watu akalia kama vile msiba ni wa jana.

Tangu siku hiyo gumba langu la kulia halipati moto. Nashika kikombe cha chai inayochemka, sihisi joto. Mke wangu ananiambia nimshike kwa mkono wa kushoto. Lakini nililaze juu ya skrubu yoyote duniani, nakwambia meno yake papo hapo, bila kipimo, na sijawahi kukosea.

Kwa hiyo wewe unayenunua mitambo ya watu, usikimbilie kukagua injini na rangi. Tafuta kwanza walioifanyia kazi, nenda mpaka makwao, uliza iliwahi kumla nani. Huenda yupo mwenyewe, marehemu, ambaye bado hajamaliza kuitoka.