Ringi ya Mama na Wingu la Mlimani

Baridi ya mlimani tuliijua kwa nyayo. Miaka ya themanini, nikiwa msichana wa shule ya msingi kwenye miteremko ya Elgon, juu ya Kitale, asubuhi za Januari tulikanyaga nyasi zilizoganda nyeupe, zikavunjika chini ya miguu mitupu. Viatu vilikuwa vya kanisani. Maji ya ndoo iliyolala nje yalifunga utando wa barafu, na mdogo wangu akaumega na kuutafuna mpaka mama amfukuze na mwiko. Nikiwasimulia hayo watoto wangu, waliozaliwa Matisi mjini, wananiambia, "Mathe, acha hizo bana."

Mama alizaliwa Matulo, kule chini karibu na Webuye, akaolewa mlimani. Alikuja na mbegu za maharagwe na mdomo mkali. Alivyoujua mlima kuliko wenyeji wake sijui, lakini aliujua. Barafu ya nyasini ikikoma, kisha wingu likishuka na kukaa begani mwa mlima asubuhi tatu mfululizo, alichukua kipande cha nondo akagonga ringi kuukuu ya gari iliyoning'inia kwenye paa la jiko letu. Mara tatu tu. Hapo kijiji kizima kilitoka na majembe kupanda mahindi kwenye vumbi kavu, maana mvua ingekuja ndani ya wiki na kuzikuta mbegu zikiingoja. Hakuna aliyepanda kabla ya ringi. Hata mchungaji wetu, aliyekemea kila Jumapili watu wanaotabiri kwa nyota, alikuwa akitega sikio.

Tulipoingia miaka ya tisini, ndoo iliacha kufunga utando. Msitu wa juu ulirudi nyuma kwa shoka na makaa, na wingu likaanza kushuka siku linazotaka lenyewe. Mbu, ambao hatukuwa nao, wakapanda mpaka kwetu. Mama alimponda mmoja ukutani akasema, "Huyu namjua, ni wa kwetu Matulo. Ati amenifuata miaka yote hii." Tulicheka sana. Kisha watoto wa jirani wakaanza kutetemeka kwa malaria, na hakuna aliyerudia utani ule.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimetoka Mabanga, karibu na mji wa Bungoma, kwa mafunzo mafupi ya kilimo. Mwalimu wetu hakuzunguka. Majira yamehama, alisema, msipande tena kwenye vumbi. Chimba, na udongo ukiwa umelowa mpaka unameza kiganja kizima, ndipo utie mbegu. Niliandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake.

Nikarudi nyumbani na kukuta wingu limeshuka mapema mno. Asubuhi ya tatu mama alishika nondo yake. Majirani walikuwa wamejaa uani, maana wengine walishaanza kunong'ona kwamba mama amezeeka na mlima umemkimbia. Mzee mmoja jirani yetu wa ng'ambo ya kijito akaniuliza mbele ya wote, "Si wewe umetoka Mabanga? Wanasema nini huko?"

Mama akanigeukia. Alikuwa na sweta yake ya kijani iliyotoboka viwiko, na alinitazama kama mtu anayengoja kuitwa jina lake. Jibu nililijua, lilikuwa kwenye daftari ndani ya mfuko wangu. Nikakohoa.

"Mama anaujua mlima huu," nikasema.

Mpaka leo nikikumbuka najikasirikia. Nilidhani ninamheshimu mzazi. Heshima gani hiyo? Nilikuwa mwoga tu.

Akagonga. Mvua ikanyesha siku mbili, nzuri, mahindi yakachungulia. Kisha ikakatika. Jua likawaka wiki baada ya wiki mpaka miche ikasagika mkononi. Wanaosema dalili ya mvua ni mawingu hawakuishi kwetu mwaka ule.

Mama alikwenda nyumba kwa nyumba, mimi nyuma yake. Kila mlango alisema neno moja, "Nimewapoteza." Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuumiza. Mzee wa ng'ambo ya kijito alisema, "Mama, pole. Si wewe, ni mlima," akampa kopo moja la gorogoro la mbegu alizobakiza. Mama alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalia tulipofika njiani. Tulipanda upya mvua iliporudi, tukavuna mahindi mafupi yasiyotosha. Viazi vitamu vya mjomba kutoka Matulo ndivyo vilivyotuvusha. Ringi aliishusha, akaitupa nyuma ya jiko, na kuku akatagia ndani yake.

Mwaka uliofuata hakuna aliyethubutu kuanza kupanda. Kila mtu alichungulia shamba la mwenzake. Siku moja tukiwa tunapukuchua maharagwe, nikashindwa kuvumilia.

"Mama, mwaka jana nilijua. Mabanga walitukataza kupanda kavu."

Hakuinua macho. "Nilijua unajua. Si nilikuzaa? Wewe ukitaka kudanganya unakohoa."

"Sasa mbona uligonga?"

Alipukuchua ganda moja, na lingine. "Nilitaka mlima uwe wangu mwaka mmoja tu zaidi," akasema.

Kuanzia siku hiyo tulichimba pamoja kila alfajiri. Vumbi, vumbi tena. Mvua zikaanza, na tukaendelea kuchimba, mpaka asubuhi moja mkono wake ulizama udongoni na kutoka mweusi hadi kwenye kifundo. Akaunusa. Akaenda nyuma ya jiko, akamfukuza kuku, akaining'iniza ringi mahali pake, kisha akanipa nondo.

"Gonga wewe."

Nikagonga mara tatu. Watu wakatoka na majembe, wakasimama kwenye ua wao. Hakuna aliyenitazama mimi, wote walimtafuta mama. Naye alikuwa ameshafika shambani, ameinama kwenye mstari wa kwanza, mlima ameupa mgongo, anafukia mbegu kwa kisigino.