Gamba la Dagaa wa Bangwe

Mwanangu, kuna Jumapili moja ya Bangwe ambayo hainitoki, na umenirudisha huko wewe mwenyewe juzi, uliponiwekea simu mbele ya miwani ukasema, "Bibi, tazama." Ulikuwa umebandika kioo kidogo cha kukuzia kwenye kamera ukapiga picha uzi mmoja wa kanga yangu. Uzi ukawa mnene kama kamba ya meli, una vinyweleo pande zote, na wekundu umeingia mpaka ndani. Ukafurahi. Mimi nikavua miwani, ukadhani bibi amechoka. Wala sikuchoka. Nilimkumbuka mtu, na kila nikimkumbuka nyumba hii inakuwa kubwa mno kwangu, ndiyo maana nimeamua kukuandikia badala ya kukusimulia huku sauti inakatika.

Miaka ile ya wakimbizi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kazi. Nilitolewa Newala nikapangiwa maabara ya hospitali huku Kigoma, nikapanda treni ile ya reli ya kati ambayo ukiipanda unadhani imesahau inakokwenda. Nikafika nikakuta ziwa. Mimi ni mtoto wa uwanda wa juu, wa mikorosho na maji ya kufuata bondeni. Maji mengi namna ile yamelala tu, hayana mwenyewe, yalinitia hofu. Asubuhi watu wanasalimiana kwa Kiha, "mwakeye," mimi nabaki nimetabasamu kama mjinga. Wakicheka sokoni nahisi wananicheka mimi. Hawakuwa wakinicheka, walikuwa na yao, lakini ukiwa mgeni kila kicheko unakivaa wewe.

Na kazi yenyewe haikuwa ya kukuliwaza. Mashua zilikuwa zinavuka kutoka Kongo zimejaa watu, wanashuka na watoto mgongoni na masufuria kichwani, wamechoka hata kulia hawalii. Kipindupindu kikaingia. Kutwa nzima jicho langu lilikuwa kwenye hadubini, natazama damu na choo cha watu nisiowajua sura. Jioni narudi nyumbani sina wa kumwambia nilichokiona, na hata angekuwepo, nani anataka kusikia habari za choo wakati wa kula?

Nilipanga chumba Bangwe, ufukweni hapahapa Kigoma, kwa Bi Zaituni, mjane wa Kimanyema mwenye ulimi mkali na moyo mweupe. Alikuwa mkaushaji wa dagaa. Wavuvi wakirudi alfajiri yeye ananunua, anawaanika mchangani, wanawake wa sokoni wanakuja kuwachukua. Mimi aliniita "mwali wa korosho", na akiniona nimejikunyata mlangoni ananiambia nitoke nje kabla sijaota ukungu kama dagaa wa masika.

Nyumba ileile alikuwemo Furaha. Huyu alikuwa binti wa ng'ambo, amevuka peke yake. Mama yake na wadogo zake walipanda mashua nyingine, na ile mashua haikuonekana. Amri ilikuwa wakimbizi wote waende kambini, malori yalikuwa yanapita kuwachukua. Furaha hakutaka. Kambi ilikuwa mbali na ziwa, naye alitaka kukaa pale ufukweni ili kila mashua ikiingia atazame nyuso. Bi Zaituni akasema atakaa naye maadamu dagaa wanauzika, kwa sababu chakula chao wote wawili kilitoka kwenye mchanga ule. Basi Furaha akawa anageuza dagaa, anageuza, kisha anainua kichwa kutazama maji. Akaniita yaya, yaani dada yake mkubwa, na kwa miezi ile hakuna mtu mwingine aliyeniita jina la undugu.

Sasa nikueleze picha zilianzaje. Hospitali ilikuwa na kamera ya kufungwa juu ya hadubini, ya kupigia vijidudu ili wanafunzi wafundishwe. Siku moja mkanda wa filamu ulibaki nafasi chache, na mkuu wetu wa maabara, mzee mpole, akaniambia nizimalize nipendavyo. Nikaweka chumvi ya Uvinza. Punje ile unayoinyunyiza kwenye mboga bila kuitazama ilikuwa chumba cha kioo, kina kona na ngazi ndani yake. Nikaweka tone la mawese, nikaweka vumbi la kahawa ya Kalinzi. Mwisho nikaona gamba la dagaa limeganda kiwikoni pangu, limetoka nyumbani na mimi, nikaliweka nalo.

Mwanangu, sijui nikuelezeje. Lilikuwa na mistari myembamba inafuatana, mmoja ndani ya mwingine, kama pete unazoziona kwenye kisiki cha mti uliokatwa. Juu ya mistari ile rangi zilikuwa zinatembea, buluu, zambarau, kijani, nikisogeza mwanga kidogo tu zinahama. Na hicho ndicho tunachokikwangua na kukitupa! Nikatokwa na machozi. Sitakudanganya kwamba nililia kwa uzuri peke yake. Nililia kwa kuwa niliinua kichwa nikatafuta wa kumwita, na chumba kilikuwa kitupu.

Jioni nikamsimulia Furaha, naye akaacha kula. Akasema, "Yaya, na mimi nitatazama lini ndani ya ile mashini?" Nikamwambia hospitali imejaa wagonjwa, asije akaokota ugonjwa, avumilie nitamletea picha, ni kilekile. Basi akavumilia. Picha ziliposafishwa mjini nikampa moja ya gamba. Aliishika kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaigeuza huku na huku. "Ni nzuri," akasema. "Lakini dagaa yuko wapi?" Nikacheka, nikamwonyesha kwa kidole, hapa mstari, hapa rangi. Akaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyomwitikia mgeni.

Nyingine nilizipeleka kazini. Nilitaka watu wazione, nilitaka mtu yeyote anisimamishe aniulize. Ubao wa matangazo ulikuwa kwenye ukumbi wa kungojea dawa, na ndipo tulipobandika michoro ya kufundisha watu habari za kipindupindu: kijidudu kimekuzwa, kina mkia, na chini yake maneno ya kuchemsha maji. Nikazibandika zangu pembeni ya kijidudu kile, na chini ya gamba nikaandika kwa mkono mzuri, "Dagaa wa Bangwe."

Umeshaona kilichotokea? Mimi sikukiona. Watu wa pale walishazoea kwamba chochote kilichokuzwa kwenye ubao ule ni ugonjwa. Na tayari mjini palikuwa na minong'ono kwamba ziwa limeharibika kwa waliokufa maji, samaki wamewala. Sasa hospitali imepiga picha, na jina la dagaa liko chini, na la Bangwe lipo. Habari ilishuka mjini kabla mimi sijatoka kazini. Kesho yake wanunuzi wa Bi Zaituni hawakuja, wala kesho kutwa. Dagaa wakalala mchangani, mvua ikawapiga, wakanuka.

Nilipoelewa nilikimbia nikazibandua. Ikawa vibaya zaidi, watu wakasema hospitali inaficha. Bi Zaituni alinikuta nimekaa kitandani na zile picha mapajani. Nilingoja matusi, na kwa ulimi ule nilijua nitayapata. Hakutukana. Aliketi karibu nami akaniambia taratibu, "Mwali, umetazama peke yako, umemaliza, halafu umetuletea karatasi. Sisi tungejuaje ulichokiona?" Hayo tu. Akainuka akaenda kutupa dagaa walioharibika, na mimi nikabaki na aibu yangu.

Siku zilizofuata sufuria ya nyumba ile ilikuwa nyepesi. Furaha alikuwa anaona. Alikuwa akijipakulia kidogo, anasema ameshiba, na hakuna aliyemwamini. Nikajiambia nitamwomba mkuu wangu hadubini, nitamkalisha Furaha mbele yake, nitawakalisha na wanunuzi. Nikamwomba, mzee akakubali: kulikuwa na hadubini ya zamani isiyohitaji umeme, yenye kioo chini cha kukamata jua, nikaichukue Jumapili. Nilifurahi nikataka Furaha astuke mwenyewe siku hiyo, kwa hiyo sikumwambia neno.

Jumamosi nilirudi kutoka kazini nikakuta Bi Zaituni anageuza dagaa wachache peke yake. Lori lilikuwa limepita asubuhi. Furaha alilisimamisha mwenyewe, akamwambia Bi Zaituni kwamba hawezi kummalizia chakula mama wa watu, akapanda. Nikauliza ameacha maneno gani kwangu. Bi Zaituni hakuniangalia usoni. "Amechukua ile picha yako," akasema. "Amesema picha ameiona, dagaa mwenyewe bado."

Jumapili nilikwenda hivyohivyo. Nilipanda nyuma ya baiskeli nimeipakata hadubini kama mtoto mgonjwa, nikaiweka juu ya meza ya Bi Zaituni mchangani, kioo kikaelekezwa juani. Bi Zaituni akawaita wanunuzi wake wa sokoni, nami nikachukua dagaa wa pale pale, mbele ya macho yao, nikabandua gamba. Mwanzoni hakuna aliyesogea. Kisha mama mmoja wa sokoni, mbishi, akainama kuja kunikamata uongo. Akakaa jicho lake pale pale. Akasema jambo kwa Kiha, polepole, na wenzake wakaanza kusukumana. Wakatazama gamba, hawakuona kijidudu chenye mkia, wakaomba na chumvi, wakaomba na mchanga, mmoja akachomoa uzi wa kitenge chake akaniletea. Wakapigana vikumbo kwa raha, na kabla jua halijapanda sana walikuwa wanafungasha dagaa wa Bi Zaituni kwenye vikapu.

Bi Zaituni alitazama mwisho. Aliziba jicho moja kwa kiganja, akaganda pale muda mrefu, nikamsikia anamtaja Mungu chini chini. Alipoinuka macho yalikuwa yamelowa. Aliniuliza, "Furaha aliyaona haya?"

Nikasema hapana.

Niliwahi kumfuata kambini. Nilizunguka kwenye vibanda vile vinavyofanana, nikauliza, nikaambiwa wengine wamehamishwa kambi nyingine. Sijamwona mpaka leo. Wala sijui kama mama yake alitokea. Bi Zaituni alizeeka akatangulia, mimi nikaolewa hukuhuku, nikastaafu, nikazika niliowazika, na asubuhi mashua zikiingia Bangwe bado natazama nyuso, kana kwamba kazi ile niliachiwa mimi.

Basi sikiliza ninachokuomba, mwanangu. Endelea kutazama vitu vidogo. Uzi, chumvi, gamba, kutu ya sufuria. Mungu hakuvipunguzia uzuri kwa sababu tunavikanyaga, na aliyeviona kwa karibu hawi tena mtu wa kudharau ovyo. Lakini ukikuta kitu kizuri, usikimbilie kupiga picha, kuisafisha na kuibandika kwa ajili ya watu usiowaona. Geuka kwanza. Kama yupo aliyeomba kutazama, mwite sasa hivi, akiwa na mikono michafu hivyohivyo, aweke jicho lake pale lilipokuwa la kwako. Usingoje Jumapili. Na kabla hujaweka kitu mbele ya watu, jiulize wamezoea kuona nini mahali hapo, maana mtu huona kwa hofu aliyonayo.

Nakuombea Mungu akupe macho yasiyochoka. Akuepushe na chumba kitupu. Na kila utakapoinua kichwa chako umejaa furaha ya ulichokiona, akukutanishe na mtu aliyesimama hapo karibu, bado hajaondoka, umwambie njoo.

Kesho njoo na simu yako na kile kioo. Nitakuwa nimekuwekea dagaa mmoja kwenye sahani, sijamkwangua. Safari hii tutazame wote wawili.